Paneli Penye Mawingu: Mhadhara wa Mununga Kuhusu Mwanga na Atomu

Nitazungumza Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha watu wa kingo zote mbili za Ziwa Mweru, wa Zambia na wa Kongo, nacho kimekuwa njiani humu tangu misafara ya pembe na shaba ya karne ya 19 iliyofika kwa mfalme Mwata Kazembe. Mzee atakayependa kuuliza kwa Kibemba na aulize, tutafasiriwa.

Nimeombwa nifafanue sura mbili za fizikia ya sekondari ambazo wanafunzi wengi huziogopa. Ya kwanza ni athari ya fotoelektriki, yaani mwanga kung'oa elektroni kwenye metali. Ya pili ni spektra za atomu, ile mistari ya rangi ambayo kila elementi huitoa ikipata joto au umeme. Kenya wamezoea kuifundisha ile ya kwanza katika kidato cha nne; nchini Tanzania sura zote mbili husubiri kidato cha tano na cha sita. Popote zinapofundishwa hukaa mwishoni mwa kitabu, na mwalimu huzifikia mwishoni mwa mwaka, muda ukiwa umemwishia. Basi huandika fomula ubaoni, wanafunzi wakainakili, na mambo yakaishia hapo.

Hilo linaniuma, na nitasema kwa nini. Jambo lililomo ndani ya sura hizo ni moja tu, tena linasemeka kwa sentensi moja: katika ulimwengu wa atomu, rangi ya mwanga ndiyo inayoamua kama tukio litatokea, na wingi wa mwanga unaamua litatokea mara ngapi. Aliyelishika hili ameshika sura zote mbili. Na sijui mahali panapofaa kulionyesha kuliko ufuko huu wa Mweru, wenye paneli juu ya mapaa, taa za kuvulia chisense, wale dagaa wetu, mitumbwini na chumvi ya samaki kwa magunia.

Tuanze na bati. Mabati mengi mnayoezekea ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki ndiyo metali ya vitabuni. Jaribio lenyewe liko hivi. Unachukua bamba la zinki, unalisugua kwa msasa hadi ling'ae, unaliweka juu ya elektroskopu, chombo cha kuonyesha chaji, na kulipa chaji hasi. Jani jembamba la dhahabu ndani ya elektroskopu linainuka na kubaki juu. Ukilimulika bamba kwa taa ya zebaki inayotoa mionzi ya urujuanimno, jani linashuka, maana elektroni zinatoka kwenye zinki na kwenda zake. Ukiingiza kipande cha kioo cha dirisha katikati, jani linaacha kushuka, ingawa macho yako bado yanauona mwanga wa taa vizuri. Kioo kimezuia ile sehemu ya mwanga ambayo jicho haliioni, na kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi.

Sasa fikirieni jua la Oktoba hapa Mununga. Ziwa hili liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na saa sita mchana kila mita moja ya mraba ya paa inapokea mwanga wenye nguvu inayokaribia wati 1,000. Bati linaunguza mkono. Mwanga wote huo, siku nzima, msimu mzima, na bado elektroni zinazong'oka kwenye zinki ya paa ni kama hakuna. Taa ndogo ya zebaki iliyo mezani inaweza kazi ambayo jua zima la Oktoba haliiwezi. Mwanafunzi akiambiwa hivyo ana haki ya kushangaa, na mwalimu asiharakishe kumwondolea mshangao huo.

Jibu limo katika hesabu moja ambayo ningependa kila mmoja wenu aondoke nayo. Namba ya kukariri ni 1240. Ukitaka kujua kipande kimoja cha mwanga kina nishati kiasi gani, gawanya 1240 kwa urefu wa wimbi lake kwa nanomita. Utapata jibu kwa elektronivolti, kipimo cha nishati kinachoifaa elektroni. Mwanga mwekundu wa nanomita 650 una elektronivolti 1.9 kwa kila kipande. Wa bluu wa nanomita 450 una karibu 2.8. Kung'oa elektroni kwenye zinki kunahitaji elektronivolti zipatazo 4.3. Gawanya 1240 kwa 4.3: unapata nanomita 288. Mwanga wowote wenye wimbi refu kuliko hapo hauing'oi elektroni ya zinki, uwe mkali namna gani. Na juu kabisa angani, ozoni inazuia karibu mionzi yote ya jua iliyo mifupi kuliko nanomita 290 hivi. Yaani ozoni inakatia karibu pale pale ambapo zinki inaanza kusikia. Isitoshe, bati la paa lina utando wa oksidi unaolifunika. Ndiyo maana paa lako linapata joto lakini halipotezi elektroni.

Nimesema "kipande cha mwanga", na huenda yuko mwanafunzi anayejiuliza: mwanga si wimbi? Ni wimbi; upinde wa mvua unaouona katika mvuke wa maporomoko ya Lumangwe, kule Mto Kalungwishi, huwezi kuueleza vizuri bila wimbi. Watu wa karne ya 19 waliliamini hilo kwa sababu nzuri, na lililowayumbisha lilitokea kwa bahati.

Mwaka 1887, mjini Karlsruhe, Heinrich Hertz alikuwa akitafuta mawimbi ambayo leo tunayaita ya redio. Chombo kimoja kilirusha cheche kubwa, na cheche ndogo ikaruka kwenye mwanya wa waya uliokuwa mbali kidogo. Ile ndogo ilikuwa hafifu, akaifunika kwa kisanduku apate kuiona vizuri gizani. Ikazidi kufifia. Mtu mwingine angekitupa kisanduku na kuendelea na kazi yake. Hertz alisimamisha utafiti aliokuwa nao akaanza kuweka vitu katikati, kimoja kimoja: kioo kilififisha cheche, kwatzi haikuifanya kitu, na kwatzi hupitisha urujuanimno. Akaandika alichokiona, bila kujidai kwamba anajua maana yake.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1902, Philipp Lenard alipima kwa makini elektroni zinazotoka kwenye metali zikimulikwa. Aliuzidisha ukali wa taa yake mara 1,000. Elektroni zilizotoka ziliongezeka, kama kila mtu alivyotarajia. Ila nguvu ya elektroni moja moja haikupanda hata kidogo. Volti iliyohitajika kuizuia ile yenye mbio kuliko zote ilibaki ile ile. Kwa hesabu za wimbi hilo halielezeki. Wimbi kubwa linapaswa kusukuma kwa nguvu kubwa, na kila mvuvi wa Mweru anaelewa hilo tangu utoto.

Aliyetoa jibu ni kijana wa miaka 26, karani wa ofisi ya hataza mjini Bern. Machi 1905 Albert Einstein alimaliza makala aliyopendekeza ndani yake kwamba mwanga unatolewa na kupokelewa kwa vipande vizima, ambavyo baadaye vikaitwa fotoni. Nishati ya kila fotoni ni masafa ya mwanga mara namba aliyoileta Max Planck mwaka 1900, tunayoiandika h. Fotoni moja inakutana na elektroni moja. Elektroni inalipa gharama ya kung'oka, na nishati inayobaki ndiyo mwendo wake. Fomula nzima ni hiyo.

Nieleze kwa safari mnayoijua. Boti la kwenda kisiwa cha Kilwa lina nauli moja kwa kila kichwa, na tuseme nahodha hapokei mchango. Wakija watu mia moja, kila mmoja na nusu nauli mkononi, hapandi hata mmoja. Akija mmoja mwenye nauli kamili, anapanda. Akiwa na zaidi, anateremka upande wa pili na chenji yake mfukoni. Fotoni nyekundu mbele ya zinki ni wale mia wenye nusu nauli. Fotoni ya urujuanimno ndiye mwenye nauli na ziada, na ile chenji ndiyo mbio za elektroni.

Msidhani watu walikubali mara moja. Mwaka 1913 Planck na wenzake walipompendekeza Einstein kwa Akademia ya Prussia, walimwombea radhi kwa wazo hilo, wakaona kwamba hapo alikuwa amepitiliza. Robert Millikan wa Chicago alitumia karibu miaka kumi akijaribu kuonyesha kwamba fomula si sahihi. Alitumia sodiamu, potasiamu na lithiamu, akizikwangua ndani ya chombo kisicho na hewa ili uso wa metali uwe safi. Mwaka 1916 matokeo yake yaliikubali fomula kabisa, yakatoa thamani ya h iliyo karibu sana na tunayoitumia leo, na Millikan mwenyewe akaendelea kuyatilia shaka hayo mambo ya vipande. Napenda kuwasimulia wanafunzi habari hii, kwa sababu inaonyesha mtu mwaminifu akichapisha namba zinazompinga. Einstein alipewa Tuzo ya Nobel ya 1921 kwa fomula hii, si kwa nadharia ya uhusianifu kama wengi wanavyodhani.

Sasa tutoke Ulaya na Marekani, tupande juu ya paa.

Kila mwenye paneli hapa analijua hili, hata kama hakulisoma. Asubuhi ya mvua, mawingu mazito, unaweka mita kwenye nyaya za paneli: inasoma volti 19. Jana, jua kali, ilisoma 21 na kitu. Tofauti ni ndogo. Unasema moyoni paneli ni nzima. Lakini jioni betri haina kitu, na taa inazima kabla mitumbwi haijafika mbali. Fundi anasingiziwa, betri inasingiziwa, muuzaji wa paneli anasingiziwa.

Pimeni na ampia. Chukueni paneli ya wati 50, ile ya seli 36. Kwenye jua kamili, mita ikiwa kwenye ampia 10 na nyaya zake zikigusa ncha mbili za paneli moja kwa moja, itasoma karibu ampia 3. Chini ya mawingu mazito inaweza kusoma 0.3. (Tafadhali, kipimo hiki ni cha paneli peke yake. Ukifanya hivyo kwenye betri utaunguza mita, na pengine mkono.) Mwanga umepungua mara kumi, ampia zimepungua mara kumi, volti zimepungua kidogo tu.

Hicho ndicho alichokiona Lenard, mbele ya macho yenu. Ampia ni hesabu ya elektroni: fotoni chache, elektroni chache. Volti inahusu nishati ya kila elektroni, na hiyo haipangwi na wingi wa mwanga. Inapangwa na silikoni, ambayo gharama yake ni elektronivolti 1.12. Gawanyeni 1240 kwa hiyo: nanomita 1,107 hivi, yaani kila rangi inayoonekana inaitosha silikoni, na sehemu ya infraredi pia. Fotoni ya bluu yenye 2.8 inalipa 1.12 hiyo hiyo, na ziada yake inaishia kuwa joto ndani ya paneli. Seli moja inatoa karibu volti 0.6, basi wanaziunganisha 36 kwa mfululizo ili zitoshe kujaza betri ya volti 12.

Kwa haki ya somo niseme kwamba kuna tofauti. Kwenye zinki elektroni inatoka nje kabisa ya metali. Kwenye silikoni inabaki ndani. Inavuka tu kutoka hali ya kufungwa hadi hali ya kuwa huru kutembea. Na volti inashuka kidogo penye mawingu kwa sababu nyingine ambazo mwanafunzi atazikuta chuo kikuu. Lakini kanuni ya kizingiti ni ile ile, na kanuni ya wingi ni ile ile. Nimeona wanafunzi hodari wanaoandika fomula ya Einstein bila kukosea herufi, wakashindwa kumweleza mama yao kwa nini paneli inasoma volti na betri haijai. Kosa si lao. Hakuna aliyewaambia kwamba ni swali moja.

Taa yenu ya LED ni paneli iliyogeuzwa. Badala ya mwanga kuingia na elektroni kupata nishati, elektroni inashuka na fotoni inatoka. Kizingiti kipo pale pale, safari hii kinasomeka kwa volti. Jaribio lake ni rahisi, na ningependa lifanyike katika kila shule ya ufuko huu. Tafuteni LED ndogo mbili, moja nyekundu na moja ya bluu, kipingamizi cha omu 100, na betri kavu za tochi za volti 1.5. Unganisheni betri moja, kipingamizi na LED ya bluu kwa mfululizo: kimya. Ongezeni betri ya pili sambamba na ya kwanza, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Kimya. Ongezeni hadi kumi hivyo hivyo. Sasa mna akiba ya umeme mara kumi, na LED ya bluu bado imekufa. Ile nyekundu pengine itatoa dalili hafifu gizani, si zaidi. Halafu zitoeni zote, mbaki na betri mbili tu, moja nyuma ya nyingine, jumla volti 3. Ya bluu inawaka.

Betri kumi zimeshindwa, mbili zimeweza. Acheni wanafunzi wabishane hapo kabla hamjaandika chochote ubaoni. Kisha wapime volti ambayo kila LED inaanzia kuwaka. Nyekundu itaanza karibu na 1.7 au 1.8, ya bluu karibu na 2.5 au 2.6. Kwa 1240, nyekundu ya nanomita 650 inahitaji 1.9, na ya bluu ya 470 inahitaji 2.6. Hazilingani barabara, kwani joto la kawaida linachangia na jicho linawahi kuona mwanga hafifu, lakini mpangilio ni wazi. Mwanafunzi wa Mununga atakuwa amekadiria h kwa vitu vya dukani.

Hapo pia mtaelewa kwa nini taa nyeupe za LED zilichelewa kufika ziwani. LED nyekundu zilikuwepo tangu miaka ya 1960. Ya bluu yenye mwanga wa kutosha ilihitaji fuwele ya galiamu nitridi, na Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura ndio waliofaulu kuitengeneza. Wakatunukiwa Nobel mwaka 2014. Taa nyeupe ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano: sehemu ya bluu inapita, sehemu inamezwa na unga na kutolewa tena kama njano. Kabla ya hapo karabai ilitawala usiku wa Mweru.

Karabai inatupeleka kwenye sura ya pili, na hapa nitakaa kidogo.

Tengenezeni chombo. Boksi la viatu, nyembe mbili zilizobandikwa upande mmoja zikiacha mwanya mwembamba kama unywele, na upande wa pili kipande cha CD kilichoinamishwa, chenye tundu la kuchungulia juu yake. Nyimbo za CD zimechorwa kwa mistari iliyopishana mikromita 1.6, na mistari hiyo inatawanya mwanga kwa rangi zake vizuri kuliko vipande vingi vya vioo vya maabara. CD za zamani bado zimejaa sokoni.

Elekezeni mwanya kwenye karabai inayowaka. Mtaona utepe wa rangi usiokatika, nyekundu hadi urujuani, kila rangi ikiyeyuka katika jirani yake. Utambi wa karabai, ile soksi yake, ni kitu kigumu kilichopashwa moto mkali, na vitu vigumu vya moto hutoa rangi zote. Hamieni kwenye taa ya LED. Utepe umebadilika: kuna bonge la bluu, kisha pengo la kiza kati ya bluu na kijani, kisha njano pana iliyotandaa. Mnaona kwa macho LED na unga wake, kila kimoja mahali pake. Kama kuna bulbu ya zamani ya kuokoa umeme, ile ya mirija iliyojikunja, mtaona kitu kingine kabisa: mistari iliyosimama peke yake, na mmoja wa kijani unaokata kama kisu. Huo ni wa zebaki, nanomita 546. Bulbu hizo msizivunje. Zebaki yake ni sumu.

Sasa chumvi. Karabai ikiwa bado baridi, mnaipasha kwa spiriti katika kikombe chake kidogo, na spiriti inawaka kwa mwali wa bluu uliofifia. Mwageni spiriti kidogo kwenye kifuniko cha chuma mahali pasipo na upepo, mbali na nyasi na mafuta, na mwalimu mwenyewe awashe. Nyunyizeni punje za chumvi ya samaki. Mwali unageuka njano ghafla. Chungulieni katika boksi: kati ya utepe uliofifia kuna mstari mmoja wa njano, mwembamba, palepale, kila mara. Nanomita 589. Chombo bora zaidi kitaonyesha kwamba ni mistari miwili iliyobanana, 589.0 na 589.6. Chumvi itoke Mweru Wantipa, kule Kaputa ambako watu waliichemsha tangu enzi za mababu, itoke Uvinza au itoke baharini, mstari hausogei. Ni saini ya sodiamu.

Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer aliona mahali hapo hapo, katika mwanga wa jua, mstari wa kiza. Ilichukua hadi 1859 Gustav Kirchhoff, akifanya kazi na Robert Bunsen huko Heidelberg, kueleza kwamba sodiamu iliyo katika angahewa ya jua inameza rangi ile ile ambayo sodiamu ya mezani inaitoa. Hapo ndipo binadamu alipoanza kujua jua limefanywa kwa nini bila kulifikia. Kwa njia hiyo hiyo, baada ya kupatwa kwa jua kwa Agosti 1868, ulionekana mstari wa njano wa nanomita 587.6, jirani kabisa na wa sodiamu lakini si wake. Elementi yake haikujulikana duniani, ikaitwa heliamu kwa jina la jua. William Ramsay aliipata duniani mwaka 1895, ndani ya madini ya urani.

Kwa nini mistari, na si utepe? Aliyefungua mlango alikuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya wasichana mjini Basel. Johann Balmer, akiwa na miaka 60, mwaka 1885, alichukua mistari minne ya haidrojeni, 656, 486, 434 na 410, akapata fomula fupi inayoizaa yote. Hakujua kwa nini inafanya kazi. Nawaomba walimu wenzangu mlikumbuke jina lake mnapochoka.

Sababu ilikuja mwaka 1913. Niels Bohr alisema elektroni ya haidrojeni hairuhusiwi kuwa na nishati yoyote ile inayoitaka. Ina ngazi maalumu: ya kwanza ni hasi 13.6, ya pili hasi 3.4, ya tatu hasi 1.51, zote kwa elektronivolti. Katikati hakuna pa kusimama. Elektroni ikishuka kutoka ya tatu hadi ya pili, tofauti ni 1.89, na tofauti hiyo inatoka kama fotoni moja. Gawanyeni 1240 kwa 1.89. Mnapata 656, mstari mwekundu wa Balmer. Fanyeni ya nne kwenda ya pili nyumbani; ngazi ya nne ni hasi 0.85.

Mnaona sura mbili zimekutana wapi. Kwenye zinki, fotoni inayotosha inaitoa elektroni nje, na yoyote ya juu zaidi inatosha pia. Ndani ya atomu, elektroni ikihama kati ya ngazi mbili, haikubali zaidi wala pungufu: ni fotoni ya tofauti ile kamili tu. Katika hali zote mbili kinachopimwa ni fotoni moja na elektroni moja, na rangi ndiyo inayotoa uamuzi.

Yupo atakayesema haya hayamhusu anayetafuta riziki. Ndugu zetu wa ng'ambo wanajua mgodi wa Dikulushi, wa shaba na fedha, kaskazini mwa mji wa Kilwa wa upande wa Kongo, na wengine wenu mmeona mzigo wake ukivushwa kwa tishari hadi Nchelenge. Bei ya mzigo wa namna hiyo inategemea asilimia ya shaba na ya fedha iliyomo. Njia mojawapo ya maabara za madini, iliyoanzishwa na Alan Walsh wa Australia miaka ya 1950, ni kuyeyusha sampuli katika asidi, kuinyunyizia ndani ya mwali, na kupitisha humo mwanga wa nanomita 324.8. Atomu za shaba zinaumeza mwanga huo, na kadiri unavyopungua ndivyo shaba ilivyo nyingi. Kwa fedha wanatumia 328.1. Namba hizo mbili ziko karibu sana, na bado mwanga wa shaba hauguswi na fedha. Kijana wa Mununga aliyeuona mstari wa chumvi katika boksi la viatu anaweza kuingia katika maabara hiyo na kuelewa mashine inafanya nini.

Nimalizie na utaratibu, kwa sababu walimu wameniuliza vifaa vitatoka wapi. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Miezi hiyo taa nyingi za chisense, betri zake na paneli hukaa nyumbani, na muhula wa kwanza wa shule unaanza Januari. Wenye mitumbwi wakikubali kuazima taa na paneli kwa juma moja la Februari, darasa zima litapata vifaa bila kununua zaidi ya LED chache, vipingamizi na spiriti. Mvua za wakati huo zinafaa pia: siku moja hiyo hiyo mtapata jua na mawingu mazito, mpime volti na ampia katika hali zote mbili. Kila mwanafunzi aandike namba zake mwenyewe katika jedwali lenye safu tatu: saa, volti, ampia. Sura ya kitabu isomwe wiki inayofuata, jedwali likiwa mezani.